Manumea Wawili wa Msitu wa Juu

3 Novemba, Jumatatu

Daftari hili lina pande mbili. Mbele ni la ndege, nyuma ni langu. Moelagi, binti anayefanya kazi za ndege kule Apia, alinikabidhi juzi pamoja na penseli nne, viatu vya mpira vinavyonipwaya na karatasi yenye picha ya manumea. Picha ya nini? Manumea nilimjua kabla mama yake Moelagi hajazaliwa. Ni njiwa mnene, mgongo wa kahawia, mdomo mwekundu uliopinda, na taya la chini lina meno kama ya msumeno. Hakuna nchi nyingine yenye ndege huyo.

Kazi yenyewe ni kukaa. Kila alfajiri nipande hadi kwenye jiwe bapa, chini ya miti mikubwa ya maota anayoipenda, nisikilize mpaka jua litoke juu ya mlima, kisha niandike amesikika au hakusikika, saa ngapi, upande gani. Katika orodha kubwa ya dunia, anasema Moelagi, manumea yuko ngazi ya mwisho kabla ya ile ya waliokwisha. Wamebaki mia, pengine nusu yake, hakuna anayejua. Baraza la machifu limefunga msitu wa juu mpaka mwisho wa Machi: hakuna bunduki, hakuna panga. Daftari likionyesha kwamba kuna jozi, msitu utafungwa miaka kumi. Lisipoonyesha, familia zitagawana ardhi ile zipande magimbi.

Wamenichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, nimeongoza kwaya miaka ishirini na tisa. Ya pili hawakuisema, nayo ni kwamba sina kingine cha kufanya.

4 Novemba

Hakusikika. Viatu vimenichubua visigino.

5 Novemba

Hakusikika. Mvua.

6 Novemba

Hakusikika. Lupe wengi, wale njiwa wa kawaida wa msituni. Lupe na manumea hula miti ileile na sauti zao zimekaribiana, ndiyo maana watu huwachanganya. Lakini lupe huimba sauti ya pili. Manumea yuko chini kabisa, kwenye besi, na huivuta mpaka unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Moelagi aliponichezea sauti zote mbili kwenye simu yake nilimwambia ipi ni ipi kabla hajamaliza, akabaki mdomo wazi.

9 Novemba, Jumapili

Nilipanda kabla ya ibada. Mzee mmoja ameniuliza kanisani kama mjane wa mchungaji anaruhusiwa kufanya kazi siku ya Bwana. Nimemjibu kwamba kusikiliza si kazi, na kwamba angejaribu wakati wa mahubiri angejua.

Chakula cha mchana alikipandisha kaka yangu Tovia mwenyewe: magimbi, samaki, majani laini yaliyopikwa kwa tui ndani ya tanuri la mawe. Kwetu dada ni agano la kaka yake. Kaka hali kabla dada hajala, hasemi neno chafu mbele yake, na hawakai tena mkeka mmoja tangu wakiwa na umri wa miaka kumi. Tovia ni mdogo wangu kwa miaka saba, ana cheo barazani, ana bunduki na ng'ombe wawili, na bado akiongea nami hutazama nguzo ya nyumba.

Ningeweza kuishi kwao. Nilikaa wiki tatu. Nikiingia, vicheko vinakatika, watu wanakaa vizuri, wifi yangu Sieni anaanza kufagia mahali palipofagiwa. Ni heshima, najua. Nyumba ya mchungaji ilikuwa hivyohivyo. Miaka ishirini na tisa nilinyamaziwa katika kijiji cha watu, na mume wangu Elekana ndiye pekee aliyekuwa akinitania. Mchungaji akifa nyumba inabaki ya kijiji, mjane anafungiwa mikeka yake anarudi kwao. Nimerudi kwetu, nikakuta kunyamaziwa kunanisubiri. Ndipo nikaomba kibanda cha baba huku juu, ukingoni mwa msitu.

14 Novemba, Ijumaa

Amesikika. Saa kumi na mbili kasoro dakika nane, upande wa mto. Mara sita.

Nilikuwa nimeanza kusinzia. Kwanza nilidhani ni tumbo langu. Halafu ikaja tena, ndefu, ya chini, tulivu, na nikashika magoti kwa mikono miwili nisiinuke. Nilimsikia mara ya mwisho nikiwa msichana, nikienda na baba kuchuma majani ya kuezekea. Nilishuka nikiongea peke yangu njia nzima.

22 Novemba

Wawili. Mmoja upande wa mto, wa pili juu karibu na korongo. Anaanza wa mto, anamaliza, anakaa kimya kiasi cha pumzi mbili, na wa korongo anajibu nusu sauti chini yake. Kwa miaka yote niliyowafundisha wanaume wa besi kupumua pale, hakuna aliyewahi kupumua vizuri namna hii.

Nimempigia Moelagi. Amelia kwenye simu. Nami sikuwa na wa kumwambia mwingine, nikawaambia kuku.

29 Novemba

Wawili.

3 Desemba

Wawili. Paa linavuja juu ya kitanda.

10 Desemba

Wawili. Nimeanza kuwahi jiweni kabla ya wakati. Najipaka mafuta ya nazi kwenye nywele kana kwamba naenda mahali.

21 Desemba, Jumapili

Tovia alileta chakula akakaa mlangoni kidogo, jambo ambalo si kawaida yake.

"Dada, umekonda," akaiambia nguzo.

"Ni viatu. Mguu wowote ungeonekana mwembamba humu ndani."

"Watu wanasema. Wanasema Tovia amemtupa dada yake mlimani, anakula biskuti na chai."

"Waambie napenda biskuti."

"Dada."

"Ninakula, Tovia. Magimbi yako yananishinda. Kuku wangu wamenenepa hawawezi kuruka uzio."

Alikunja na kukunjua ukingo wa kikoi chake. "Kuna kitu unachokitamani? Sema tu."

Nilitaka acheke, basi. Nikamwambia, "Lupe. Sijaonja lupe tangu Elekana afariki. Mashemasi walikuwa wakituletea kila Krismasi, wa kupikwa kwa tui. Yule bwana alikuwa akininyang'anya mapaja."

Nilicheka mwenyewe. Yeye aliinamisha kichwa, akasema "Ndiyo, Dada," akashuka.

25 Desemba

Wawili. Krismasi njema kwao.

9 Januari, Ijumaa

Redio inasema tufani inakuja. Nimefunga mabati kwa kamba.

11 Januari, Jumapili

Siku mbili za upepo. Sieni na Tovia walipanda kunichukua kwa nguvu, nikalala kwao na watu kumi na mmoja wakaogopa kukoroma. Leo nimerudi. Kibanda kipo. Lakini msitu wa juu umevuliwa nguo. Matunda yote ya maota yako chini, yamepondeka, na miti imebaki matawi matupu. Hakusikika.

13 Januari

Hakusikika.

15 Januari, Alhamisi

Wamesikika, wote wawili. Lakini si juu. Wameshuka kufuata matunda kwenye miti iliyobaki chini ya mpaka, karibu na mashamba, ambako msitu haukufungwa. Huko watu huwinda lupe kimyakimya alfajiri, ingawa kila mtu hujifanya hajui. Ni lazima mtu awaambie wenye bunduki. Nitamwambia Tovia Jumapili akileta chakula, yeye atalifikisha barazani.

18 Januari, Jumapili

Leo nimekula lupe.

Tovia alipanda na sufuria iliyofunikwa kwa jani la mgomba, akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili. Alikuwa amelowa mpaka kiunoni, ana mikwaruzo shingoni, na alinitazama. Alinitazama usoni, mimi dada yake.

"Wiki nne nimemtafuta," akasema. "Kula, Dada."

Nilimmaliza. Nilivunja mifupa. Alikuwa mkubwa, nyama nyeusi yenye utamu wa matunda ya msituni, tui limekolea. Nilipofika kwenye mapaja nikaanza kulia kama mtoto, na Tovia akageuka atazame nje ili nilie kwa nafasi. Tangu mazishi sikuwa nimehisi kwamba kuna mtu duniani anayejua ninachopenda. Kwa ile furaha nilisahau kabisa habari ya ndege na mpaka.

19 Januari

Mmoja. Upande wa mto.

20 Januari

Mmoja. Labda yule wa pili amevuka korongo.

21 Januari

Mmoja.

22 Januari, Alhamisi

Nitaandika yote.

Nilishuka kurudisha sufuria, nimetia mapapai mawili ndani kwa sababu chombo hakirudishwi kitupu. Sieni alikuwa nyuma ya nyumba anakuna nazi. Sieni ni mtu wa pwani, kwao wanajua samaki. Huku milimani ndege wote kwake ni kuku. Tangu aolewe na Tovia hajawahi kuniambia maneno kumi mfululizo. Leo alikuwa na hamu ya kuzungumza, maskini, na mimi nilifurahi.

"Wifi, yule lupe ulimpenda?"

"Nimelamba sufuria, Sieni. Usimwambie mchungaji."

Akacheka. Akafuta mikono, akaingia ndani, akatoka na kikopo cha maziwa. "Nimekuwekea kitu. Nimenyonyoa lupe wengi, lakini huyu alikuwa na meno. Tazama."

Akanimwagia kiganjani mdomo wa ndege. Mwekundu, umepinda, na kwenye taya la chini yale meno.

Sikumbuki niliweka wapi mapapai. Nakumbuka Sieni akisema, "Wifi? Wifi, kaa chini," na mimi nikimwambia kwamba ni viatu tu, viatu vinanibana, viatu ambavyo vinanipwaya.

Nilimsubiri Tovia njiani, penye lango la shamba, kwa kuwa siwezi kumsema mbele ya mkewe. Alikuja na mzigo wa magimbi begani. Nikafungua kiganja. Akaushusha mzigo polepole.

"Uliuona mdomo wake?" nikamuuliza.

"Niliuona, Dada."

"Kabla au baada?"

"Baada. Kulikuwa na kiza bado. Alikuwa kwenye mti mmoja na lupe watatu. Niliona kifua tu. Nilipomwokota nikauona."

"Na ukanipikia."

"Alikuwa ameshakufa."

"Tovia, ukanipikia."

"Ulisema unatamani lupe." Alikuwa anaitazama nguzo ya lango sasa. "Hujawahi kuniomba kitu. Tangu urudi, hata kijiko hujaniomba. Niliona ukila, nikasema moyoni, basi, hili nitalijibu mwenyewe kwa Mungu, lakini dada yangu amekula."

Ningependa kuandika kwamba nilimkaripia. Nilisimama na ule mdomo mkononi nikiona vizuri jambo lilivyokwenda. Bunduki ilikuwa yake, lakini aliyemtuma ni mimi, kwa mzaha, kwa mtu ambaye tangu mdogo amelelewa asijue kwamba dada anaweza kufanya mzaha. Na Alhamisi ya wiki iliyopita nilijua ndege wako wapi, nikangoja mpaka Jumapili ili nisishuke kwa watu bure.

Baraza likijua, Tovia atavuliwa cheo. Pengine atafukuzwa kijijini yeye, Sieni na watoto wote. Na bila jozi msitu utakatwa.

23 Januari

Upande wa mbele nimeandika: wawili.

24 Januari

Mbele, wawili. Kwa kweli, mmoja.

2 Februari

Mbele, wawili. Ni rahisi kuliko nilivyodhani. Mkono unazoea.

8 Februari, Jumapili

Chakula kimeletwa na Sieni. Nimekirudisha kama kilivyo. Si kwa hasira, koo linakataa. Lakini kwetu sinia la kaka likirudi limejaa, kijiji kizima kinaliona likipita. Nimemwona Sieni akishuka nalo amelifunika kwa kanga yake ya kanisani.

11 Februari

Anaita mara nyingi zaidi sasa. Zamani sita, saba. Leo nimehesabu thelathini na moja. Anamaliza, anakaa kimya kiasi cha zile pumzi mbili, halafu anaanza tena kutoka mwanzo. Nilifanya hivyohivyo miezi ya kwanza. Nilikuwa nikisema jambo, nikinyamaza pale ambapo Elekana angetia neno lake.

15 Februari, Jumapili

Mvua. Sinia limerudi tena.

19 Februari

Leo nimefanya upumbavu. Aliponyamaza, nilimjibu. Ninaiweza ile sauti, niliwafundisha wanaume besi kwa kuiimba mwenyewe. Alikaa kimya muda mrefu, kisha nikasikia mabawa, na akaja. Alitua kwenye mti mtupu juu yangu, nikamwona waziwazi kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Aligeuza kichwa huku na huku akimtafuta mwenzake. Nilikaa na mkono mdomoni mpaka akaondoka. Sitarudia.

6 Machi, Ijumaa

Moelagi amepiga simu. Anaongea kwa kasi ya mtu aliyefurahi.

"Mama, daftari lako ndilo pekee mwaka huu lenye jozi. Wengine wote wameandika hakusikika. Wanaopanga ile orodha wamesikia, wanataka tarehe zako zote. Jozi moja inayoimba pamoja msimu mzima, Mama, unajua maana yake? Wanaweza kuzaa."

"Najua maana yake," nikasema.

"Uko sawa? Sauti yako imekauka."

"Ni mvua."

Nilidhani nadanganya baraza la machifu tisa ambao nawajua tangu wakiwa wanakojoa kitandani. Kumbe sasa hesabu ya dunia nzima itakuwa na ndege niliyemla.

20 Machi, Ijumaa

Nimemwita Tovia. Amepanda, amekaa mlangoni.

"Barazani nitasema kweli," nikamwambia. "Yote. Nitasema na nilivyodanganya."

Alikuwa amekonda yeye sasa. "Sema, Dada."

"Watakuvua cheo."

"Cheo ni cha familia, watampa mwingine." Akasimama, akasita. "Jumapili nitaleta samaki. Samaki tu. Utakula?"

Nikamwambia nitajaribu.

22 Machi, Jumapili

Nimekula mkia.

28 Machi, Jumamosi

Mvua ya kuchapa tangu asubuhi. Moelagi alifika kwa kivuko cha kwanza, tukashuka naye chini ya jani moja la mgomba. Daftari nililifunga kwa mfuko wa plastiki. Njiani aliniambia ameniletea viatu vipya, saizi yangu, na nikashindwa kumshukuru.

Tulipofika kwenye nyumba ya baraza nikaona watu wote wamenyamaza, na kwa mara ya kwanza haikuwa kwa ajili yangu. Machifu walikuwa wamekaa kila mmoja kwenye nguzo yake. Nje, kwenye kokoto, mvuani, kulikuwa na mtu amepiga magoti, ameinama mpaka chini, amefunikwa gubigubi kwa mkeka mwembamba wa marehemu mama, ule wenye manyoya mekundu ukingoni, ambao hutoka kabatini kwa harusi na misiba tu. Nyayo zilizojitokeza nyuma nilizijua. Hivyo ndivyo anavyokaa mtu aliyemwaga damu, mbele ya nyumba ya waliofiwa. Wao ndio hufunua mkeka wakisamehe. Wasiposamehe, zamani walikuwa wakitoka na rungu.

"Amekuja kabla ya baragumu la kombe la alfajiri kupulizwa," akasema Taliaoa, mkuu wa baraza. "Kasema amemuua manumea. Basi. Hajasema lingine." Taliaoa ndiye aliyeitaka sana ile ardhi ya juu, na nilimtazama kuona kama anafurahi. Hakuwa anafurahi. Alikuwa amechanganyikiwa. "Mkeka hufunuliwa na aliyekosewa. Tumekaa hapa saa mbili nzima tunaulizana ni nani. Ndege hana familia. Mama Fuatino, wewe ndiye uliyemwandikia huyo ndege. Tumesema labda ni wewe."

Kwa hiyo ilikuwa rahisi hivyo. Nilitakiwa nipige hatua sita nivute mkeka. Kaka yangu angesamehewa mbele ya wote, na jambo likishafunuliwa halisemwi tena, na hakuna ambaye angeniuliza kuhusu daftari. Moelagi alikuwa amenishika mkono, haelewi, anasema, "Yupi, Mama? Ameua yupi?"

Nikampa daftari. Nikasema kwa sauti ya kwaya ili wa nguzo ya mwisho asikie: "Mimi ndiye niliyemtuma. Nilisema natamani nyama. Nimemla, nikalamba sufuria. Tangu tarehe nane Januari kuna ndege mmoja tu, na mimi nimeandika wawili, kila siku, kwa mkono huu." Nilikosea tarehe, sasa naona. Hakuna aliyenisahihisha.

Kisha nikashuka kwenye kokoto, nikapiga magoti, nikainua ukingo wa mkeka, nikaingia.

Ndani kulikuwa na kiza na harufu ya kafuri na ya Tovia. Alishtuka akataka kusogea mbali. Hatujawahi kuwa karibu hivyo tangu nikiwa msichana mdogo nimembeba mgongoni.

"Dada, utalowa," akanong'ona.

"Nisogezee huo upande."

"Haifai. Sisi hatukai..."

"Tovia, sogeza."

Akasogeza. Nikaliegemea bega lake. Mvua ilikuwa inagonga mgongoni kupitia mkeka. Sijui tulikaa muda gani. Magoti yangu yanasema ni muda mrefu. Nilisikia machifu wakibishana, nikamsikia Moelagi akilia, halafu akiacha kulia akisema kwa hasira, kwa Kisamoa kizuri kuliko nilichojua anacho, kwamba ndege mmoja si sifuri. Mwishowe kokoto zikalia na mtu akavuta mkeka. Alikuwa Taliaoa mwenyewe, amelowa, amekunja uso.

"Inukeni," akasema. "Tumechoka kuwatazama."

Hukumu: Tovia yuko nje ya baraza miaka mitatu, anatoa nguruwe kumi, na bunduki inakaa kwa mkuu. Msitu wa juu, pamoja na ukanda wa chini waliposhukia ndege, umefungwa mpaka Septemba tu. Kama huyo mmoja atasikika bado, watazungumza tena. Kama hatasikika, ni magimbi. Na mimi daftari sishiki tena. Aliyeandika uongo neno lake halihesabiwi. Wakatafuta nani katika kijiji amesema kweli katika jambo hili tangu mwanzo, wakampata mmoja, Sieni, kwa sababu alionyesha meno ya ndege; yeye ndiye atakayeandika sasa. Moelagi alikata uzi wa daftari katikati kwa kisu, akachukua nusu ya mbele, akanirudishia hii. Viatu vipya akampa Sieni.

30 Machi, Jumatatu

Sieni amepita hapa alfajiri akipanda, akapita tena akishuka. Nimemwona akitembea haraka, ameinama. Ndege alilia mara kumi na nne. Nimemsikia kutoka kitandani.

31 Machi

Mara kumi na tisa. Sieni amepita.

1 Aprili, Jumatano

Leo nilimngoja njiani. "Umeandika nini?"

Akanionyesha. Hakusikika. Hakusikika. Hakusikika. Herufi zimenyooka kama za mtoto wa shule.

"Lupe tu, wifi," akasema. "Nakaza sikio mpaka kichwa kinauma. Nakuwa kama niko kanisani na ninyi nyote mnaimba na mimi ndiye yule mliyemwambia achezeshe midomo tu." Ni kweli, mimi ndiye niliyemwambia. Krismasi moja, nilipokuja kutembea nikapewa kwaya ya hapa, nilimtoa Sieni kwenye mstari wa kwaya, na nikasahau. "Septemba watakata miti kwa sababu yangu. Nimemwambia Tovia waende wakamchague mwingine."

2 Aprili, Alhamisi

Nimekatazwa kuandika. Sikukatazwa kukaa.

Nilipanda naye. Jiwe linatosha wawili tukibanana. Ana viatu vyangu vipya, mimi nina vile vya zamani. Lupe walianza, nikamwacha awasikilize. Kisha ikaja ile ya chini, upande wa mto, nami nikamkamata kifundo cha mkono.

"Hiyo," nikasema.

"Ipi?"

Ikaja tena. Nikakaza mkono. "Hiyo. Usiitafute juu. Iko chini ya hizo nyingine zote."

Sieni akanitazama. "Hiyo? Hiyo si ng'ombe wetu?"

"Ng'ombe wenu wako kijijini, Sieni."

"Wifi, hiyo nimeisikia kila siku. Nilimwambia Tovia ng'ombe wako juu, akaenda kuwatafuta." Alikuwa amefunika mdomo kwa mkono, anacheka, machozi yanamtoka. Akafuta yale maneno matatu kwa kifutio mpaka karatasi ikakaribia kutoboka, akaandika: amesikika, akaangalia saa, akaandika na saa. Nilimwambia ahesabu. Alihesabu kwa vidole, akitikisa kichwa kila mara moja, na kila mara alikuwa sahihi.

Baada ya tisa Sieni alibaki ameshikilia kidole cha kumi.

"Mbona anakatiza hapo?" akaniuliza. "Kama anataka kuendelea, halafu anakatiza."

"Hapo ndipo mwenzake alipokuwa akijibu."

Sieni alitazama mikono yake. "Yule niliyemnyonyoa," akasema.

Nilimwambia ndiyo. Tulikaa mpaka jua likatoka juu ya mlima, na ndege akaanza tena kutoka mwanzo.